Mtoto Mmoja, Kadi Tatu

Jumatatu, 2 Aprili

Magugu tena. Mistari minne mpaka saa nane, mgongo unawaka moto. Upepo wa mlimani ni baridi, matope mpaka magotini. Tluway nilimlaza chini ya trela pamoja na watoto wengine, nikatoka kumnyonyesha mara mbili. Nyapara anataka tutoe titi moja tu kila safari ili turudi haraka kung'oa. Natoa yote mawili. Kama ana haraka anyonyeshe yeye.

Baada ya kazi ametukusanya akasoma tangazo la Meneja. Kila mama kibarua anayenyonyesha apeleke mtoto kupimwa kila mwezi kwenye zahanati ya shamba. Mtoto akishuka chini ya kijani kwenye kadi, mama anasimamishwa kazi mpaka mtoto apande. Eti ni kwa faida yetu. Apumzike, ale vizuri, maziwa yaongezeke. Tukatazamana. Kibarua ndicho kinacholeta unga. Ukisimamishwa utakula nini, tangazo?

Mimi siogopi. Tluway ana miezi minne na mapaja yake yana mikunjo mitatu kila moja. Alizaliwa mvua inanyesha, ndiyo maana ya jina lake, na tangu siku hiyo ananyonya kama ndama. Wenye hofu ni wengine.

Jumatano, 4 Aprili

Somo la lishe nje ya zahanati. Lazima, asiyefika anakatwa siku. Nesi ni mgeni huku, ametoka mjini, viatu vyeupe. Ametundika picha ukutani: samaki, papai, ini, mayai, maziwa, karanga. Mama anayenyonyesha ale mara tano kwa siku. Tulicheka wote kwa pamoja, si kwa ubaya, ilitutoka tu. Amekasirika. Akaendelea na makundi matatu ya chakula. Kambini kwetu yako mawili: ugali, na ugali wa jana. Ngano hata hakuitaja. Ngano tunaipalilia, kisha inapanda malori inaondoka.

Halafu mazoezi. Ati tumbo hulegea baada ya kujifungua, lazima misuli irudi. Tulale chali kwenye nyasi, tuinue miguu, tuhesabu kumi. Wanawake walioinama shambani tangu kulipopambazuka! Mama Fabiano, mwenye watoto saba na mdomo wa watu kumi, amelala chali akaanza kukoroma. Nesi akamtikisa. "Nafanya zoezi la macho," akajibu. Nimecheka mpaka maziwa yakanitoka yakalowesha gauni.

Yasinta peke yake amefanya yote. Ameinua miguu na kuhesabu kwa sauti kama yuko darasa la kwanza. Ni jirani yangu, bati moja tu linatutenga. Mumewe alikwenda Babati kutafuta kazi mwaka jana, mpaka leo kimya. Binti yake Rehema alizaliwa wiki moja na Tluway. Ukiwalaza pamoja huwezi kuamini. Sijui kwa nini huyu mwanamke ananiudhi. Mnyenyekevu mno. Watu wanyenyekevu wananitia hasira.

Jumanne, 17 Aprili

Kesho kupima. Yasinta amekuja nikiwa napepeta maharage. Amesimama mlangoni, nimemwambia kaa, hakukaa. Maneno yakamtoka yote kwa mkupuo. Rehema hafiki kijani. Atasimamishwa. Hana mume, hana shamba, ana kaka tu kule Gehandu mwenye ng'ombe mmoja na watoto tele. Anaomba nimwazime Tluway. Apimwe mara mbili. Mara ya kwanza kwa kadi yake, mara ya pili, akiwa na kofia ya Rehema, kwa kadi ya Rehema.

Nikamwuliza mimi nitapata nini. Mkono mtupu haulambwi. Akababaika. Hakuwa amelifikiria hilo, aliamini nitafanya kwa ujirani. Mwisho akasema maziwa. Kaka yake humletea kibuyu kila siku ya pili ili na yeye apate cha kumnyonyesha mtoto. Nusu iwe yangu. Nikasema chote. Akakubali upesi mno, nikajuta kwamba sikuomba na zaidi.

Jumatano, 18 Aprili

Imewezekana. Rahisi kabisa. Nesi ni mmoja, sisi ni zaidi ya mia, na mzani ni ule mmoja ulioning'inizwa kwenye boriti. Anaangalia mshale, haangalii mtoto. Anaita jina, mama anamtia mtoto kwenye kile kisuruali cha mzani, mshale unatulia, anaandika, mwingine.

Tluway kilo saba kwa jina lake. Nikazunguka nyuma ya ghala la mbolea. Yasinta alikuwa pale ananisubiri. Nikampa wangu, akanipa wake, tukabadilisha kofia. Nikasubiri na Rehema. Hakulia hata kidogo. Alinitazama tu, macho makubwa, kama mteja anayeuliza bei. Yasinta amerudi mbio: kilo saba kwa jina la Rehema, alama iko katikati ya kijani. Akanishika mkono, akalia. Nikamwambia akalie kwake, watu wanaona.

Jumapili, 22 Aprili

Pasaka. Nimekunywa maziwa kabla ya misa na baada ya misa. Mtindi mzito, wa Gehandu, una harufu ya moshi wa kibuyu. Sijanywa kitu kama hiki tangu nilipokuwa msichana Nambis, nyumbani kwa baba.

Gidamis, mume wangu, dereva wa trekta, amekunywa bakuli mbili. Hakuuliza yametoka wapi. Gidamis hajawahi kuuliza chakula kimetoka wapi, anauliza kama kimeiva.

Yasinta ameanza kunichotea maji bwawani bila kuombwa. Debe mbili kila asubuhi. Sikumkataza.

Alhamisi, 3 Mei

Mama Fabiano si wa kufichwa. Ameingia bila hodi, akajishika kiuno. "Mama Tluway, nasikia una ng'ombe dume anayezunguka kijiji. Na mimi nipimie, au naenda kwa Nesi sasa hivi." Fabiano wake ana miezi mitano, si mgonjwa, ila ni mdogo, amefuata baba yake. Basi. Mayai. Mawili kila Jumamosi na maharage kidogo.

Yasinta sasa ananing'olea na mstari wangu mmoja. Nyapara anahesabu mistari, hajali nani kaing'oa. Mimi nakaa chini ya trela na Tluway, nanyonyesha mpaka ashibe, upepo unapita juu. Maisha mazuri. Nasema kweli, sijawahi kuishi hivi.

Jumamosi, 5 Mei

Mayai ya Mama Fabiano yote mawili viza. Mwizi yule! Nimemfuata, akaapa kwa majina yote ya watakatifu kwamba kuku ndiye wa kulaumiwa. Ananipa mabovu, mazima anakula yeye. Hasira, lakini moyoni nilimheshimu kidogo.

Yasinta hajawahi kunipunja hata tone. Kibuyu kinafika hakijafunguliwa.

Jumatano, 16 Mei

Kilo saba na nusu mara tatu. Tluway alichoka kuning'inizwa, mara ya tatu alimkojolea Nesi kwenye daftari. Nesi alicheka, akamwita Fabiano mtundu. Tulishika matumbo kwa kicheko kule nyuma ya ghala, hata Yasinta.

Baadaye somo. Nesi ameniita mbele. Akamwinua Tluway juu watu wamwone. Tazameni mama anayefuata mafundisho, akasema. Akanitaka niwaambie wenzangu ninakula nini. Nikataja: maziwa, mayai, maharage, mboga za majani. Na mazoezi je? Kila siku, nikasema. Mama Fabiano akakohoa. Yasinta alikuwa mstari wa pili, mabega yametoka kama miti ya kutundikia nguo, anatazama chini.

Nilifurahi. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilisimama pale nikafurahi.

Jumatatu, 28 Mei

Yasinta ameomba abakiziwe nusu kibuyu. Anasema ikifika saa sita matiti yake ni ngozi tupu, Rehema anavuta mpaka anakata tamaa. Amesema kwa heshima, macho chini, kama anamwamkia mzee. Laiti angepiga kelele. Angepiga kelele labda ningempa.

Nikamwambia makubaliano ni makubaliano. Nikamwambia anywe maji kwa wingi, si Nesi alisema?

Akajibu, "Haya, mama Tluway." Akabeba debe langu akaenda bwawani.

Jumatano, 6 Juni

Ngano imetoa masuke. Kwelea kwelea wamefika, wengi mpaka wanatia kivuli. Wanawake tumepewa makopo ya kupiga, tunazunguka shamba tangu kukicha. Nesi angefurahi, mazoezi ya kutosha. Yasinta ameanguka mara mbili. Mara ya kwanza alisema amejikwaa. Mara ya pili alikaa pale chini kati ya ngano mpaka Nyapara akamfokea.

Nimenenepa. Gauni la harusi halifungi mgongoni.

Jumatano, 13 Juni

Kupima. Sikutaka kuandika leo lakini naandika.

Nyuma ya ghala Yasinta amenipa Rehema kama kawaida. Mkono wangu ulipanda wenyewe, kama mtu anayeinua debe akidhani limejaa kumbe tupu. Nikamfunua. Makalio hakuna, ngozi inaning'inia. Uso wa kikongwe. Hakunitazama. Zamani alikuwa ananitazama.

Kwenye kadi yake imeandikwa kilo nane. Tluway ameshaandikwa nane mara tatu. Mimi nimezoea kubeba, magunia, kuni, watoto wa dada zangu, najua kilo kwa mkono. Yule hafiki nne na nusu.

Yasinta alirudi na Tluway mikononi, anahema, anatabasamu kwa ajili ya ile alama ya kijani. Anatabasamu! Nilitaka kumpiga kofi.

Jioni nimemrudishia nusu kibuyu. Nusu. Mkono haukutaka kutoa chote.

Ijumaa, 15 Juni

Rehema anaharisha. Bati ni jembamba, nasikia kila kitu isipokuwa kilio.

Nimempelekea kibuyu kizima. Yasinta alikunywa kidogo akatapika. Hayakai tena.

Jumanne, 19 Juni

Anataka kwenda kwa Nesi. Kuna maziwa ya kopo kwa watoto waliokonda, na Landrova ya kuwapeleka hospitali. Lakini kuna kadi. Kadi inasema kilo nane, na mtoto ndiye huyo mkononi. Ataulizwa. Hawezi kudanganya, hajui kudanganya, hata uongo ule wa mzani ni mimi niliyemfundisha ashike vipi kofia. Anataka twende pamoja tukaseme.

Nimekataa. Tutafukuzwa wote. Gidamis atanyang'anywa trekta, tutarudi kwao kuomba kipande cha shamba kwa baba yake, mahali ambapo ndugu saba wanagombea tuta moja. Nikamwambia angoje, kuharisha kunapita, watoto huharisha wakiota meno.

Mama Fabiano naye alikuwepo. Alisema wazi kuliko mimi. "Kwa mtoto wako mmoja usituue sisi watatu." Yasinta ametutazama kwa zamu. Nikamwambia aape kwamba hatasema. Akaapa. Nilimwona anavyoapa na bado nikamwacha aape.

Jumatano, 20 Juni

Leo ameniomba titi.

Saa kumi alasiri. Nilikuwa nje nakamua, kifua kimejaa kinauma, Tluway ameshiba amelala. Nilikuwa namwaga chini. Yasinta amekuta maziwa yanaingia mchangani. Amepiga magoti, Rehema mgongoni. "Mama Tluway, mara moja tu. Mnyonyeshe mara moja."

Nimekataa na hilo.

Sababu. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mtoto anayenyonya anakaa metimani. Anatengwa. Moto wake, maji yake, njia yake peke yake. Haingii kwa mtu, hapokei wala hatoi kitu mkono kwa mkono, mpaka wazee waseme imetosha, na inaweza kupita mwaka. Rehema anakwenda, kila mwenye macho anaona. Akifa na maziwa yangu tumboni, watasema na mimi nimo. Watanitenga na Tluway wangu.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Mimi! Nimebatizwa, nimemaliza darasa la saba, nimezicheka mila hizi tangu nina akili, padri akihubiri juu yake natikisa kichwa kukubali kuliko wote. Leo nimejificha nyuma yake kama kuku nyuma ya kinu. Na si kwamba naziamini. Niliogopa tu. Niliogopa kumshika tena yule mtoto.

Yasinta ameinuka, akafuta magoti. Amesema anaelewa.

Alhamisi, 21 Juni

Amekwenda zahanati peke yake, bila kadi, ili asinitaje. Nesi alikuwa Katesh kuchukua dawa. Mhudumu wa mlangoni amemwambia bila kadi hakuna huduma, akalete kadi.

Amerudi kuichukua. Nilimwona akitoka ndani kwake nayo mkononi. Akasimama uani. Akaangalia kadi. Akaangalia mlango wangu. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, nachambua mboga, ananiona namwona. Ningeinamisha kichwa mara moja tu angekwenda. Neno moja, nenda.

Nikaendelea kuchambua. Akarudi ndani.

Ijumaa, 22 Juni

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa tumbo. Nimekaa ndani siku nzima na Tluway mapajani.

Saa saba nimesimama niende kwa Yasinta. Nimefika mlangoni kwangu. Nikarudi kukaa.

Jumamosi, 23 Juni

Rehema amefariki asubuhi, saa mbili. Landrova ya Nesi imepita saa nne ikitoka Katesh, imejaa maboksi ya dawa.

Tumemzika kabla ya saa tisa. Wanaume wanne walichimba, hawakuchoka, shimo dogo. Katekista aliomba kwa haraka. Yasinta hakulia. Nilitamani alie, anitukane, anirushie udongo machoni. Alikuwa ameshika kofia ya Rehema. Ile kofia Tluway ameivaa zaidi ya mwenyewe.

Jumatatu, 25 Juni

Wazee wa kambi wamekaa jana. Metimani. Mama Fabiano ndiye aliyesema wa kwanza, kabla hata hawajaketi vizuri, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye matrekta. Yasinta amehamishiwa kibanda cha nyuma, kule penye vyuma vibovu vya kombaini. Atachota maji upande wa chini wa bwawa, tukishamaliza sote. Nyapara amelifuta jina lake. Haruhusiwi kupita kwenye ngano inayokomaa, wanasema itanyauka.

Kwa hiyo kazi ameipoteza. Ndicho kitu alichokuwa anakiogopa tangu Aprili.

Gidamis amesema ni mambo ya kale, ni ujinga, serikali ilishakataza. Kisha akaniuliza kama nimehakikisha hakuna chombo chake ndani kwetu. Kulikuwa na kibuyu. Nimekipeleka nikakiweka njiani, nikarudi nyuma hatua kumi, akatoka akakichukua.

Jumapili, 1 Julai

Maziwa yangu yanatoka yenyewe. Kanisani, jikoni, popote. Nikisikia mtoto wa mtu yeyote analia, kifua kinalowa. Najichukia. Sijui kuiandika kwa namna nyingine.

Ijumaa, 6 Julai

Ananing'olea nani mstari sasa? Mimi mwenyewe. Mikono imeota malengelenge kama msichana wa mjini. Nachota maji yangu. Asubuhi nilimwona Yasinta mbali, upande wa chini wa bwawa, anasubiri nimalize. Nilichota haraka nikamwaga nusu njiani.

Jumatano, 11 Julai

Kupima. Mama Fabiano alikuja na Fabiano wake mwenyewe, hakuniomba kitu. Amekuwa akimlisha uji wa ulezi, mayai mazima, kila kitu, tangu tulipomzika Rehema. Mtoto amefika kijani kwa nguvu zake, pembeni pembeni lakini amefika. Nesi alishangaa amepungua kilo moja kwa mwezi mmoja. Mama Fabiano akasema malaria. Nesi akaandika malaria.

Tluway kilo nane na nusu.

Kisha Nesi akaita Rehema. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa anasoma majina kwenye daftari, kalamu iko tayari. Akaita tena. Wanawake wote wametazama chini. Nikajibu mimi. Nikasema, amefariki, Nesi, wiki ya tatu sasa.

Ameweka kalamu chini. Akafungua kurasa za nyuma, Aprili, Mei, Juni. Amesema haiwezekani, huyu alikuwa anaendelea vizuri kuliko karibu wote hapa. Akauliza mama yake yuko wapi, nimweleze nini kilitokea, aonyeshwe kadi. Nikasema mama yake hawezi kuja hapa. Akanitaka kesho nimletee hiyo kadi, aifunge, kwa sababu mimi ni jirani na ni mama mwelewa. Alisema hivyo, mama mwelewa.

Alhamisi, 12 Julai

Nimekwenda baada ya kazi. Kombaini zimeanza kukata upande wa juu, mashuka yote ya kambini yamejaa vumbi la ngano.

Yasinta alikuwa nje ya kibanda anachemsha mlenda kwenye kopo. Nimesimama mbali kama inavyotakiwa, nikamwambia nimetumwa kadi. Ameingia, akatoka nayo, akaiweka juu ya kipande cha chuma, akarudi nyuma. Nikaenda nikaichukua. Amepata nafuu kidogo usoni. Anakula chakula chake sasa, chote.

Akaniuliza, "Tluway hajambo?"

Nikasema hajambo.

"Ana kilo ngapi?"

Nane na nusu, nikasema. Akatikisa kichwa polepole, akawa anahesabu kitu. Kisha akarudi kukoroga mlenda wake.

Njiani nimeifungua. Saba, saba na nusu, nane. Mstari unapanda vizuri. Nilikuwa na ya Tluway kwenye kanga, nikaziweka pamoja. Ni mstari mmoja. Nimetafuta mbele na nyuma, na ndani ya mikunjo. Hakuna mahali popote palipoandikwa Rehema alikuwa na uzito gani.

Nesi ameipokea. Ameiangalia muda mrefu, akaniuliza kama jirani, sikuona dalili yoyote kabla? Nikasema sikuona. Akaandika "ghafla" na tarehe, akaitia kwenye boksi pamoja na nyingine.

Nimerudi nyumbani. Tluway alikuwa ameamka ana njaa. Nimekaa kitandani nikamnyonyesha, kushoto halafu kulia, akalala.